Mkanda wa Kushoto

Moroni, baada ya sala ya alasiri

Mwanangu Zainabu,

Salamu za karatasi sina, maana saa hizi uko Ikoni unawaaga rafiki zako, na kabla ya magharibi utakuwa umerudi hapa gereji, utanisalimia kwa mdomo, na mimi nitaitikia kama kawaida yangu, nusu nimo nusu simo. Barua hii nitaiweka chini ya kiti cha pikipiki, pale panapokaa spana. Utaiona ukishafika Mutsamudu, kisiwani kwa mama yako. Nakujua, utatafuta spana kabla hujatafuta chakula.

Naandika kwa Kiswahili, lugha niliyozaliwa nayo Unguja, na ndiyo niliyokulea nayo hapa Moroni wakati wenzako wote wanasema Kingazija majumbani mwao. Walikucheka shuleni, najua. Lakini leo ina faida moja: shangazi yako Hadija akiiokota karatasi hii hataambulia kitu.

Sitakwambia ule nini wala ulale saa ngapi. Umesomea ukunga, umezalisha wake za watu, umeona mambo ambayo mimi nikisimuliwa tu natafuta pa kukaa. Maagizo ya mwaka mzima shangazi yako ameshakupa, na akiamka kesho atakupa ya mwaka wa pili. Mimi nataka kukwambia habari ya mkanda wa kushoto, basi. Shida ni kwamba nikianzia hapo hutanielewa, na mwenyewe sijielewi. Kichwa changu leo kama sanduku la misumari lililopinduliwa. Nivumilie.

Nianze na asubuhi, tulipopandisha pikipiki kwenye tela. Unamkumbuka nahodha wa ile meli ndogo ya mizigo alivyotuapia bandarini mbele ya watu. Pikipiki iliyosimamishwa ovyo sitahani hachukui tena. Safari moja ilimwangukia mpishi wake mguuni na petroli ikatiririka mpaka jikoni. "Fundi," aliniambia, "iwe ndani ya tela, gurudumu limebanwa, imefungwa pande zote, na mimi niitikise kwa mkono wangu. Ikicheza haipandi." Na wewe ukaapa yako hapo hapo, kwamba pikipiki isipopanda nawe hupandi, kwa sababu huko vijijini nyuma ya Ouani mwanamke mwenye uchungu hawezi kukungoja utafute teksi. Na hiyo meli ikishaondoka, nani ajuaye itarudi lini? Hospitali ya Mutsamudu nayo haitakungoja. Kazi ina wengi wanaoitaka. Kwa hiyo safari yako nzima imekaa juu ya jambo moja: pikipiki isicheze.

Uliisukuma wewe, mimi nikaipokea mbele. Tairi la mbele likapanda likatumbukia kwenye kabari, kile kibano cha chuma nilichokifunga kwenye tela, kibao chake kikabembea kikalikamata kwa nyuma, klak! Lisiende mbele, lisirudi. Kabari ile nitakueleza ilikotoka, hujawahi kuisikia hadithi yake yote. Stendi tukaipandisha juu. Hilo ulilisema wewe kabla sijalisema mimi, nikafurahi mpaka nikajifanya sikusikia. Pikipiki ikifungwa juu ya stendi, mtikisiko wa kwanza stendi inaruka na kila kitu kinalegea. Mafundi wangapi wazima hawalijui hilo.

Tukafunga mkanda wa kulia wa mbele, nikavuta mpaka shokapu za gurudumu la mbele zikashuka nusu. Nusu! Zikishuka zote, sili zake za mpira zinapasuka na mafuta yanamwagika. Zisiposhuka, pikipiki inadunda na mkanda unajifungua wenyewe. Miwili ya nyuma ukaifunga wewe, na sikuona pa kukukosoa, ingawa nilitafuta. Ukabaki mmoja, wa kushoto mbele, ukawa wangu.

Ndipo shangazi yako alipotoka ndani na leso mpya, ile aliyosema ni ya Idi, akaufunga nayo mkono wa kushoto wa usukani. "Chombo cha msichana hakitoki uchi," akasema. "Bandarini pale macho ya watu hayana adabu." Nani atabishana na Hadija? Nikaupitisha mkanda juu ya leso. Juu ya kitambaa, Zainabu! Kijana wangu wa gereji angefanya hivyo ningemtoa mbio mpaka Itsandra. Mkanda hauwezi kushika kitambaa kipya chenye wanga, unateleza tu.

Ukaishika pikipiki ukaitikisa. "Baba, wa kushoto unacheza."

"Utakazwa kesho."

"Wewe ndiye unayeniambia kesho?"

"Nimesema kesho, ebo!"

Ukanitazama kama unavyomtazama mgonjwa anayeficha homa, kisha ukaenda zako Ikoni. Tangu hapo nimekaa kwenye benchi naukodolea macho mkanda ule. Ni leso? Ni uzee? Au niliupitisha pale nikijua ninachofanya? Wallahi sijui.

Pengine ni pikipiki yenyewe inayonitia wazimu, kwa sababu inarudi ilikotoka. Wewe unajua kwamba ilikuja Moroni kwa meli, na kwamba tangu wakati huo nimebadilisha kila kitu isipokuwa fremu. Namna ilivyokuja hujui. Mama yako si mtu wa kusimulia mambo yake, na mimi si mtu wa kusimulia aibu zangu.

Nilikuja kutoka Unguja nikiwa kijana, mwaka ule Wangazija wengi walipofungasha wakaondoka. Nikafikia hapa kwa dada yangu Hadija, katika nchi ya wazee wangu ambayo hata njia ya msikitini nilikuwa naulizia. Kazi nikaipata Mutsamudu, kwa tajiri mmoja aliyekuwa akikamua mafuta ya manukato ya maua ya langilangi. Mashine zake zilikuwa zinakufa kila wiki. Nikamwoa mama yako huko, na kama ilivyo desturi, nikaingia nyumbani kwake na sanduku langu. Nyumba ya mawe, ndani ya vichochoro vya mji wa kale, aliyojengewa na baba yake. Unaijua, ndiyo unayokwenda kulala kesho kutwa.

Kila mtu aliniheshimu mle ndani, na mimi roho ikiniwasha kama niliyevaa shati la mtu. Nikipita, watoto wanasema: yule mume wa Bweni Mwanaesha. Bweni ni heshima kwa mwanamke huko, mimi nilisikia dharau. Unguja nilikokulia mwanamume ndiye mwenye mlango. Hapa nikitaka kugongomea msumari nitundike koti, namwuliza mke wangu, na mke wangu anamwuliza mama yake, na mama yake anakuja kuutazama ukuta. Siku moja nikaweka nyundo chini nikasema tunahama, tunakwenda Moroni.

Mama yako aliniuliza kwa utulivu wake ule unaokatisha tamaa: "Huko nyumba ya nani?"

"Ya dada yangu."

"Basi nakwenda kwako au nakwenda kwa Hadija?"

"Kwangu!" nikasema, tena kwa sauti. Hapakuwa na kwangu, Zainabu. Hapa Ngazija nako nyumba ni za wanawake, nililijua hilo vizuri. Sijui nilikuwa najidanganya mimi au namdanganya yeye.

Tukapanda meli na pikipiki hii. Wakati huo kabari siijui hata kwa ndoto. Niliiegemeza kwenye ukingo wa meli, juu ya stendi, nikaizungushia kamba ya usumba, nikajipongeza. Tulipotoka tu nje ya ghuba bahari ikachafuka, stendi ikaruka, kamba ikalegea, na mimi fundi nilikuwa nimelala kifudifudi natapika, simjui baba wala mama. Mama yako aliinuka na shiromani yake, ile nguo pana wanayojitanda wanawake wa kwao, akajibana kati ya pikipiki na ukingo, akaishika kwa mikono miwili. Aliishika safari nzima. Alikuwa na mimba yako, changa, hata mimi alikuwa hajaniambia.

Tulipofika Moroni viganja vyake vilikuwa vimechunika. Watu waliotupokea wakauliza, haya, pikipiki imefika? Na mimi nikajibu: "Nimeifikisha salama." Nimeifikisha! Alikuwa amesimama pembeni yangu. Alificha mikono ndani ya shiromani. Maneno yale yananirudia mpaka leo nikiwa chini ya gari la mtu, na sikuwahi kumwambia ahsante, kwa sababu mwaka wa kwanza niliona haya, na baadaye niliona nimechelewa.

Akakaa kwa Hadija. Usije ukamchukia shangazi yako, hakumkosea adabu hata siku moja. Alimpa chumba kizuri, alimpa nafasi jikoni, alimpa kila kitu, na ndiko kulikouma, maana huko kwao hakuna aliyekuwa akimpa. Mama yako alikuwa akitaka kuhamisha mtungi toka kona hii kwenda ile, anaomba ruhusa. Mimi niliyekimbia nyumba ya watu kwa sababu ya msumari mmoja, nilimwona akiomba ruhusa ya mtungi miaka nenda miaka rudi, nikawa naona mambo yako sawa.

Nimekatizwa. Mzee Saidi wa nyumba ya pili amekuja na tairi la baiskeli. Kanikuta na kalamu.

"Fundi, umeanza kutunga kasida?"

"Naandika barua."

"Kwa nani?"

"Kwa Zainabu."

"Si nimepishana naye njiani anakwenda Ikoni?"

"Ndiyo."

"Si atarudi?"

"Atarudi."

Akanitazama, akatazama tela, akasema tairi lake halina haraka, akaondoka nalo likiwa na pancha vile vile. Ningemwita, lakini ningemwambia nini? Turudi kwetu.

Mwaka waliotua wale Wazungu ulikuwa umeshapata akili, unakumbuka. Mama yako alikuwa amekwenda Mutsamudu kumwuguza bibi yako. Wewe ukabaki kwa ajili ya shule. Asubuhi moja tukaamka tukaambiwa kwamba askari wa Kizungu wa kukodiwa wametua usiku Itsandra kwa mashua za mpira, na nchi ina wenyewe wengine. Mji ukafurahi, hilo usilisahau hata watu wakilisahau. Wanawake walipiga vigelegele, na mimi nilitoka hapo barabarani nikapiga makofi pamoja na wenzangu. Nilikuwa nampigia nani? Nilipiga tu, na wewe ulikuwa juu ya mabega yangu.

Ndege hazikuruka kwa siku kadhaa. Zilipoanza, mjomba wako Bakari akafika kutoka Mutsamudu, akasimama hapa hapa karibu na benchi. "Shemeji," akasema, "dada anasema umlete mtoto, na mwenyewe uje, nyumba iko wazi. Kwa Hadija harudi tena."

Nikamwambia njia si salama, barabara ya uwanja wa ndege ina vizuizi, kuna watu wenye bunduki.

"Mimi nimepita," akasema Bakari.

"Wewe mwanamume mzima. Huyu mtoto."

"Nitampitisha mimi."

"Mwakani," nikasema. Mwakani ikawa mitihani. Mwaka wa baadaye ikawa Wazungu tena, maana hawakuondoka, walikuwa pale pale na magwanda yao meusi, na mimi kila nikikosa la kumwambia mama yako nawachukua wao naweka mbele. Likizo ulikwenda, ukarudi. Ulipokuwa ukirudi unanukia langilangi ya kwa mama yako, nilikuwa natoka nje nijifanye natafuta kitu.

Je, niliwaogopa wale watu? Niliwaogopa, usiku nilikuwa nikisikia gari lao nakaa kitako. Je, niliogopa zaidi kubaki na Hadija na radio tu katika nyumba hii? Hilo nalo kweli. Nikijaribu kuzitenganisha hofu hizi mbili zinanichanganya kichwa. Nakwambia jinsi zilivyo, zimefungana.

Mimi na mama yako hatujaachana. Hatukai pamoja pia. Nilikwenda siku moja kumwuliza mwalimu wa dini sisi tunaitwaje. Badala ya kunijibu, akaniuliza mimi: "Nia yako ni nini?" Nikatoka msikitini nimevaa kiatu kimoja changu na kimoja cha mtu mwingine. Nilifika nacho mpaka nyumbani.

Sasa kabari. Alikuja hapa mmoja wa wale Wazungu, mrefu kama mlingoti, kavaa nyeusi tupu kwenye jua lile. Hadija alipomwona akafunga mlango kwa ndani, akaniacha nje na yeye! Akaanza kusema Kifaransa cha haraka, na mimi Kifaransa changu cha kuokoteza, hatuelewani. Mwisho akachora kwa kidole kwenye vumbi la boneti: gurudumu, na kitu kinachoukumbatia mduara wake. Alitaka kubeba pikipiki yake kwenye tela isianguke. Nikasema ndiyo, ndiyo. Ningesema nini, hapana?

Ya kwanza niliikosea. Niliichomelea ngumu kama geti la jela. Tukasukuma pikipiki yake, tairi likaingia, likagoma kutoka. Akavuta yeye, nikavuta mimi, likachomoka ghafla, na Mzungu akaenda chini kwa makalio katikati ya barabara. Nikaanza shahada kimoyomoyo. Kumbe jamaa kakaa vumbini anacheka, anacheka mpaka anajifuta macho! Kisha akanionyesha kwa viganja vyake: hiki kibao kibembee, tairi lenyewe likikanyage mbele, kiinuke nyuma. Nikaelewa papo hapo. Tukaitengeneza ya pili pamoja, yeye ameshika chuma, mimi nachomelea. Ilipokwisha akaipandisha pikipiki, akaitikisa kwa nguvu zake zote, akasema kwa Kifaransa ambacho hata mimi nilikielewa: ikicheza, imekufa.

Akasema atarudi na tela lake kuichukua. Hakurudi. Amerudi kwao, amepelekwa kwingine, amekufa, sijui. Hadija akaniambia nikaitupe baharini, kitu cha watu wale kisikae nyumbani kwake. Nikaitundika ukutani gereji, kwa msumari ambao kwa mara ya kwanza sikuuombea ruhusa. Nikitaka kumchukia yule mtu, namwona kakaa vumbini anacheka. Nikitaka kumsifu, nakumbuka bunduki yake ilikuwa imeegemezwa kwenye benchi hili wakati wote. Na wenzake ndio niliowatumia kukuzuia usiende kwa mama yako. Leo kabari yake, au yetu, ndiyo inayokupeleka. Nifanye nini na jambo kama hilo? Niliposhindwa kulifahamu nililifunga bolti kwenye tela, nikalipaka rangi.

Haya, nimenyanyuka tena kwenda kwenye tela. Nimeitikisa pikipiki. Inacheza bado, kidogo tu, upande ule. Nikautia mkono mkanda niukaze. Nikauondoa. Nikautia tena, nikauondoa. Kama kuna mtu aliniona atasema fundi amepagawa.

Unajua nilikuwa nafikiri nini? Nilimwona nahodha kesho anaitikisa, anasema haipandi. Nikakuona wewe unakasirika, unarudi nyumbani, unakaa kwenye ndoo yako hapo mlangoni unakunywa chai na mimi mpaka meli nyingine ipatikane. Nilikuona waziwazi, mpaka ulivyokuwa unapuliza kikombe. Nikafurahi! Astaghfirullah, nilifurahi. Basi pengine ndilo jibu. Lakini asubuhi nilipokuwa nafunga sikufikiria hayo, naapa, au sikumbuki kama niliyafikiria. Asubuhi nilikuwa naitazama leso.

Kisha likanijia jingine. Je, kama nahodha ana haraka zake, akaitikisa juu juu, akasema pandisha? Meli itoke, bahari ichafuke kama siku ile, mkanda uteleze, na wewe, maana nakujua, hutaiacha ianguke, utajibana kati ya pikipiki na ukingo uishike. Mama yako aliishika wewe ukiwa tumboni kwa ajili ya kamba yangu mbovu. Nije tena nimpelekee mtoto wake amevunjika mguu kwa mkanda wangu mbovu? Hapo nimekaa chini, Zainabu.

Utasema, sasa si uukaze tu, Baba, una mikono. Ninayo. Lakini mkono huu leo siuamini. Naukaza mkanda sasa hivi, halafu wewe umelala mimi natoka naulegeza, nitajuaje? Nimeshawahi kusema mwakani mara nyingi mno kwa sauti iliyosikika kama ya mtu mwenye busara.

Kwa hiyo barua hii siiweki tena chini ya kiti. Ukirudi kutoka Ikoni nitakupa mkononi, na utaisoma mbele yangu ingawa nitatamani ardhi inimeze. Na kesho baada ya alfajiri, kabla gari la kututoa halijafika, fungua mikanda yangu yote. Yote, hata ile iliyo sawa. Leso ya shangazi yako itoe, uifunge kwenye sanduku lako, umwambie huko ndiko macho yanakotazama zaidi, atakubali. Kisha funga upya mwenyewe. Mimi nitasimama upande na kuishika pikipiki ikae wima, sitafanya kingine. Nikijaribu kukuelekeza, niambie ninyamaze. Nikikwambia huo wa kulia umevuta mno, sikiliza shokapu, usinisikilize mimi. Ukimaliza itikise. Ukiona haichezi, twende bandarini.

Nitaogopa, na hofu hiyo niachie mimi, usiibebe kwenye tela.

Ukifika Mutsamudu, mjomba wako Bakari atalivuta tela kutoka gatini mpaka chini ya mji, vichochoroni haliingii. Hapo ndipo pa kuishusha. Anza na mikanda ya nyuma, kisha wa kulia mbele. Wa kushoto uwe wa mwisho. Ukiuachia huo shokapu zinaruka juu kwa mkupuo na pikipiki inataka kulala upande wake, kwa hiyo usifungue peke yako, lazima mtu awe ameishika. Bakari atakimbilia kuishika. Mkatalie kwa adabu. Mwambie mama yako aje aishike yeye. Anaujua uzito wake.

Ikishashuka, ikasimama kwenye stendi yake, mwonyeshe kabari. Mwambie kumbe kilikuwepo kitu cha kuishikilia, na mimi sikukijua. Mwambie ahsante ya ile safari, useme imetoka kwangu, na kwamba nimeichelewesha. Usimharakishe, mpe muda.

Halafu, ukimwona ametulia, mwulize kama ukuta wa kile chumba cha nyuma bado unashika msumari. Mwambie kuna fundi mmoja Moroni anataka kuja kugongomea mmoja, wa koti tu. Mwambie safari hii anaomba ruhusa.

Nakusikia unakuja, unacheka na Mzee Saidi hapo nje. Basi.

Baba yako